Njiwa wa Mzee Rula

Baba yake Fundi aliamka asubuhi moja akataka kufunga vifungo vya shati, mkono wa kulia ukakataa. Kilikuwa kiharusi. Hospitalini walimtengeneza mdomo uliopinda na mguu uliokuwa ukiburuta, ila vidole viligoma. Vilibaki vimejikunja kama vya mtu aliyeficha kitu kiganjani. Mtaalamu wa mazoezi akamwita Fundi pembeni.

"Mtafutie kitu kitakachomlazimisha kutumia hivi vidole kila siku. Na kiwe kitu anachokipenda. Asichokipenda hatakifanya, nawajua wazee."

Baba alipenda vitu viwili duniani: kuimba besi kwenye kwaya ya kanisa, na kucheza karata.

Fundi alikuwa mshonaji, hajaolewa, na alikuwa na chumba cha kushonea mbele ya nyumba ya baba yake. Mtaa mzima ulikuwa umelisahau jina lake la ubatizo. Kila jioni alifunika cherehani, akatoa meza uani, akampangia baba karata. Mwanzoni mzee alizishika kwa mkono wa kushoto na kuzichomoa kwa meno. Kidole gumba kikaanza kusikia. Kikafuata cha shahada. Baada ya miezi kadhaa aliweza kuzichanganya mwenyewe, taratibu, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika, na Fundi akaingia ndani akalia kwa furaha nyuma ya mlango.

Majirani wakaanza kuja. Dereva wa lori mstaafu alikuja, na mama muuza mkaa, na mdogo wake Fundi, ambaye ni muuguzi, alipokuwa hana zamu. Hapakuwa na kamari. Aliyefungwa alichemsha chai, basi. Baba alikuwa mwizi wa wazi wazi. Alificha karata ya kopa chini ya paja, akikamatwa anasingizia ugonjwa. "Mkono huu una akili yake," anasema, na watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Ndipo wakambandika jina la Mzee Kopa.

Nyuma ya ukuta wa ua ule aliishi Mzee Rula, mwalimu wa hesabu mstaafu, mgane, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa Kamati ya Maadili. Jina hilo alilipata mwaka aliosimama mlangoni mwa kanisa na rula ya mbao akipima sketi za wasichana. Juu ya paa la stoo yake alijenga banda la njiwa. Jioni alipiga mluzi, nao wakashuka mmoja mmoja mpaka mabegani kwake. Alikuwa akiwasemesha. Kwa watu alikuwa na maneno mengine.

Jioni moja alisimama getini.

"Bwana asifiwe."

"Amina," wakajibu wote. Fundi akaongeza, "Shikamoo mzee, karibu kiti."

Hakuitikia wala hakukaa. Alikuwa akitazama meza. "Mwanakwaya wa Bwana ameshika karata."

"Nimeshika dawa, ndugu yangu," alisema Mzee Kopa. "Muulize daktari."

"Shetani naye ana madaktari wake."

Mzee Kopa alicheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Jumapili iliyofuata jina lake lilisomwa mbele ya waumini. Kamati iliamua kwamba karata ni chombo cha ibilisi, hata bila kamari, na kwamba mzee huyo ama azichome hadharani ama atengwe. Mchungaji alikuwa kijana, mgeni, mwoga wa wazee waliomtangulia. Aliinamisha kichwa akasema kamati imenena.

"Usizichome, baba," Fundi alisema nyumbani. "Tutahama kanisa."

"Nimeimba pale tangu sina ndevu. Nihamie wapi na sauti hii moja? Karata ni karatasi tu, mwanangu. Zitachomeka, tutanunua nyingine."

Akazichoma. Debe la bati liliwekwa mbele ya mimbari, likawashwa moto. Mzee Rula aliagiza zitumbukizwe moja moja, kwa mkono wa kulia, "mkono uliokosa." Vidole vile vilivyofundishwa kufunguka vikatetemeka juu ya moshi. Ilichukua muda mrefu. Watoto walianza kucheka wakafinywa na mama zao. Fundi alikuwa ameketi benchi la pembeni, kucha zimezama kwenye mapaja.

Na baada ya hayo yote hawakumrudisha kwenye kwaya. Mzee Rula alisema lazima kwanza apite kipindi cha matazamio, mwenendo wake uchunguzwe. Mzee Kopa akawa anaketi benchi la nyuma, amefumba mdomo, kwaya ikiimba bila besi yake. Karata nyingine hakununua. Aliogopa akionekana, kipindi kitaongezwa. Fundi alimletea mpira wa kuminya, akauminya siku mbili tatu akauacha. Vidole vikajikunja tena. Kabla mvua hazijaisha, kiharusi cha pili kikaja kikamchukua.

Kwenye mazishi kwaya haikuimba, kwa kuwa marehemu alikufa bado yumo katika matazamio. Walisimama kimya katika majoho ambayo Fundi mwenyewe aliwashonea. Mzee Rula ndiye aliyenena kaburini.

"Ndugu yetu aliteleza," alisema. "Karata zilimteka, nasi tukamrudi kwa upendo. Hatujui amekwenda upande gani. Mungu ndiye ajuaye. Sisi tulio hai tujifunze."

Mdogo wake Fundi alianza kufoka. Fundi akamshika mkono.

"Nyamaza."

"Dada, umesikia anachosema juu ya jeneza la baba?"

"Nimesikia. Nyamaza."

Waombolezaji waliomtazama Fundi usoni siku ile walisema amepewa neema, mtoto wa kike mstahimilivu. Neema haikuwa mle. Alikuwa anameza, na alichokimeza alikusudia kumtapikia aliyemlisha.

Jumapili iliyofuata Fundi alihamia benchi la mbele. Akawa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Alifunga, alikesha, alisimama kutoa ushuhuda kwamba kifo cha baba yake kimemfungua macho. Mzee Rula alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mwalimu aliyeona mtoto mzito amepata jibu. Nafasi ilipotokea kwenye kamati, yeye ndiye aliyempendekeza.

"Huyu binti," aliwaambia wenzake, "amepita katika moto akatoka dhahabu."

"Asante, mzee," alisema Fundi, macho chini. "Ni malezi yenu."

Hakuwa na haraka. Alijua mshono wa haraka hufumuka. Katika vikao alisema machache, na kila alilosema lilikuwa la kumpendeza mwenyekiti. Siku moja aliuliza kwa upole kama si hatari kukemea karata peke yake.

"Watu wataacha karata washike drafti, mzee. Wataacha drafti washike redio. Si bora tukataze kila burudani inayomla mtu saa za Mungu, iwe ya nani, iwe ya namna gani?"

Mzee Rula aliweka kalamu chini. "Mnasikia? Ndiyo hekima hiyo. Iwe ya nani, iwe ya namna gani! Pitisheni."

Wakapitisha, na mchungaji akalisoma tangazo mimbarini bila kuinua uso.

Mwaka ule kanisa lilikauka. Vijana walinyang'anywa mpira. Bibi mmoja kipofu, aliyekuwa akisikiliza michezo ya kuigiza redioni mchana, aliitwa mbele ya kamati akaahidi kuizima. Fundi alikuwepo, hakumtetea. Wasichana wadogo waliokuwa wakiruka kamba nyuma ya kanisa walijifunza kuificha kamba wanapomwona anakuja. Jambo hilo lilimchoma. Usiku akiwaza alijiambia kwamba samaki mkubwa hanaswi kwa ndoano tupu, na asubuhi akaamka tena kwenda kikaoni.

"Unakuwa kama yeye," mdogo wake alimwambia.

"Ngoja."

"Ningoje nini? Hata mimi siku hizi naogopa kukuambia nimeangalia sinema."

"Nimesema ngoja, mdogo wangu."

Kisha, katika kikao kimoja cha kawaida, mambo ya kujadili yalipokwisha na watu wameshaanza kuokota mikoba, Fundi aliinua mkono.

"Nina jambo la huzuni. Limeninyima usingizi, maana linamhusu jirani yangu ninayemheshimu kama baba."

"Sema, binti yangu," alisema Mzee Rula. "Dhambi haina ujirani."

"Ni njiwa, mzee."

"Njiwa gani?"

"Wako. Kila jioni nakuona kupitia tundu la ukuta. Saa ya maombi ya jioni inaingia, inatoka, wewe uko juu ya paa unapiga mluzi. Unawabusu. Unawasemesha kama watu. Kengele ya kanisa wiki jana ililia ukachelewa, ukatuambia ni mguu. Haukuwa mguu. Yule mwenye manyoya miguuni alikuwa anaangua."

Mweka hazina wa kanisa alikohoa. Mzee Rula alijaribu kutabasamu.

"Njiwa ni viumbe wa Mungu. Roho Mtakatifu mwenyewe alishuka kwa mfano wa njiwa!"

"Wa hua, mzee. Maandiko yetu yanasema hua. Njiwa wametajwa hekaluni, na waliokuwa wakiwauza walipinduliwa viti."

Mtu mmoja alicheka akajifanya anapiga chafya. Mzee Rula aliwatazama wajumbe mmoja mmoja, akingoja wa kumtetea. Lakini kila mmoja pale alikuwa na kitu alichonyang'anywa na sheria ile: mmoja alikuwa na drafti yake, mwingine kijana wake alikuwa golikipa. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Wakapiga kura njiwa waondolewe, kwa mikono iliyonyooka vizuri.

Mzee Rula aliwapeleka njiwa kwa shemeji yake, ng'ambo ya mto, ndani ya tenga lililofunikwa gunia. Alirudi ametembea kwa miguu, amejikunja. Fundi alimtazama kupitia tundu la ukuta akipanda juu ya paa na kuketi karibu na banda tupu. Fundi alipika vizuri jioni ile, akala akashiba.

Lakini njiwa hajui kamati. Jumapili asubuhi, watu wakielekea ibadani, waliwakuta wote wamejipanga juu ya paa la stoo, wanalia. Mzee Rula alikuwa chini yao na suti yake, akiwapungia mikono waondoke, na machozi ya furaha yanamtoka.

"Wamerudi wenyewe!" alisema mbele ya kanisa alipoulizwa. "Naapa, wamerudi wenyewe!"

"Dhambi ikirudi, mzee, huwa inarudi na saba wenzake," alisema Fundi kwa sauti ya majonzi. "Baba yangu alipewa debe na moto. Hakupewa shemeji wa ng'ambo. Naomba sheria iwe moja. Jumapili ijayo awalete hapa mbele, awachinje mwenyewe, mmoja mmoja, kwa mkono wa kulia."

Watu waliguna. Wajumbe wakainua mikono, na mchungaji akatazama sakafu. Kamati ilikuwa imenena.

Jumamosi jioni Mzee Rula alikuja kwenye chumba cha kushonea. Fundi alikuwa akipiga pasi kola. Hakuizima pasi.

"Karibu mzee. Shikamoo."

"Marahaba." Akasimama akizungusha kofia mikononi. "Mwanangu, nimekuja kuomba. Tangu mke wangu afariki nyumba ile haina sauti. Nikipiga mluzi, wale ndio wanaoitika. Sina mwingine wa kuitika."

"Baba yangu alikuwa na vidole."

Mzee alimtazama. Polepole uso wake ukabadilika, kama mtu anayesahihisha hesabu na kugundua kosa liko mstari wa kwanza kabisa.

"Kumbe ni karata."

"Ni baba yangu."

"Mwaka mzima huu? Kufunga kote kule, ushuhuda, kamati?"

"Wewe ulinifundisha kwamba mtu hurudiwa kwa upendo. Ninakupenda, mzee." Aligeuza kola. "Lakini mimi si mbaya kama wewe, kwa hiyo nitakupa mlango. Kesho simama, mtaje baba yangu kwa jina lake, useme ulimwonea. Hilo tu. Nami nitaliondoa shauri la njiwa, na hakuna atakayeinua kisu."

Mzee Rula aliacha kuizungusha kofia.

"Mzee wa kanisa hawezi kusimama akasema kamati ilikosea. Watu wataamini nini tena?"

"Basi noa kisu vizuri. Kisu butu kinatesa."

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Wengine hawakuwa hata waumini. Mzee Rula aliingia na tenga, akaliweka mahali palepale lilipokaa debe. Alitoa kwanza yule jike mwenye manyoya miguuni. Ndege hakuhangaika, alimjua mshikaji. Alijikunyata kifuani kwake akafumba jicho. Mzee akashika kisu kwa mkono wa kulia, na mkono ukaanza kutetemeka kuanzia bega.

Fundi aliuona mkono ule ukitetemeka. Aliujua mtetemo huo, alikuwa ameutazama pale pale siku ya debe. Angeweza kusema neno moja. Hakulisema. Alitaka uendelee.

Kisu kikaanguka sakafuni.

"Siwezi," alisema Mzee Rula. Kisha akamtaja Mzee Kopa, si kwa jina la utani bali kwa jina lake kamili la ubatizo, ambalo wengi hawakuwahi kulisikia. "Nilimwonea mtu huyu. Karata zake hazikuwa dhambi. Na nilijua. Hata siku ile ya debe nilijua."

Akamfunika yule ndege kwa kiganja.

"Kila jioni nilikuwa nasikia vicheko vyao nyuma ya ukuta. Chai inachemka, watu wanaingia. Kwangu, tangu mke wangu azikwe, hakuna aliyevuka kizingiti kuja kucheka. Nilikaa juu ya paa nikaona kama wananicheka mimi. Nikatafuta mstari wa Maandiko wa kuwanyamazisha. Mtu akitafuta mstari, hakosi."

Fundi alikuwa ameyangojea maneno hayo mwaka mzima. Alikuwa amewaza kwamba akiyasikia, kitu kitashuka kifuani mwake, atapumua. Badala yake kilipanda. Alisimama.

"Ulijua?"

"Nilijua, mwanangu."

"Ulimtazama akichoma moja moja, na ulijua? Ukasimama juu ya jeneza lake ukasema hatujui amekwenda upande gani, na ulijua?"

"Ndiyo."

"Basi chinja."

Mdogo wake alimvuta gauni. Mama muuza mkaa alisema, "Jamani, Fundi, amekwisha sema!" Hakuwasikia. Alitoka kwenye benchi, akaokota kisu sakafuni, akamnyooshea Mzee Rula upande wa mpini.

"Nilikupa mlango jana ukaukataa. Leo nimeufunga. Chinja."

Mchungaji ndiye aliyeshuka. Hakuna aliyewahi kumwona akitembea haraka. Alikichukua kile kisu mkononi mwa Fundi, akakiweka juu ya mimbari, na alipoongea sauti yake ilikuwa na hasira ambayo labda alikuwa akiitunza tangu afike.

"Hakuna atakayechinja kitu hapa. Wala kuchoma. Kamati ya Maadili imekwisha leo, na mimi nilipaswa kuivunja mbele ya lile debe, nikaogopa. Mzee, chukua ndege wako uende nyumbani. Na wewe dada, keti."

Fundi hakuketi. Alitoka kwa mlango wa pembeni.

Mtaa uligawanyika. Wapo waliosema moyo wake umekuwa jiwe, na wapo waliosema mwosha naye huoshwa, Mzee Rula alipata chake, tena kilipungua. Mzee Rula alijiuzulu uzee wa kanisa. Vijana walirudishiwa mpira. Fundi mwenyewe alikwenda kwa yule bibi kipofu, akapiga magoti, akamwomba radhi, akamrekebishia redio kwenye idhaa yake. Aliwatafuta na wale wasichana, lakini wao walikimbia, kwa kuwa hakuna aliyewaeleza kwamba mambo yamebadilika, na ikamchukua muda mrefu kuwazoesha kubaki wanapomwona.

Kwa jirani wa nyuma ya ukuta hakwenda. Yeye ndiye aliyekuja, mara ya kwanza akasema, "Nisamehe," naye Fundi akajibu, "Nimesikia." Mara ya pili akaomba waende pamoja kaburini.

"Njia unaijua," alimwambia. "Ulihubiri pale. Nenda kamwambie mwenyewe."

Alikwenda kweli. Mlinzi wa makaburi alimwona akiwa amesimama juani, kofia mkononi, akizungumza peke yake, na siku nyingine akamwona tena. Habari hiyo mdogo wake Fundi aliileta kwenye chumba cha kushonea akiwa amevaa sare ya uuguzi, akaketi juu ya mafurushi ya vitambaa.

"Mzee wa watu anadhoofika, dada. Anakwenda kila wiki."

"Aende."

"Utamsamehe lini?"

"Nikichoka."

"Na hujachoka?"

Fundi alikuwa akikata suruali ya mteja. Alipitisha mkasi mpaka mwisho wa chaki, akatenganisha vipande viwili, akavipanga kimoja juu ya kingine.

"Bado," alisema. "Nisogezee hizo pini."